African Storybook: hadithi nne za bure za kumzoeza mtoto kuiona busara mwenyewe

African Storybook ni maktaba ya hadithi za watoto inayoendeshwa na shirika la Saide la Johannesburg. Tovuti yake, africanstorybook.org, iko wazi tangu 2014, na majaribio ya mwanzo yalifanyika Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kusoma ni bure, kupakua ni bure, na ipo programu ya simu inayokuwezesha kuhifadhi hadithi ukazisoma hata bando likiisha.

Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kumfundisha mtoto wa miaka saba hadi kumi kumtambua mhusika mwenye busara na kueleza, kwa maneno yake, amejifunza nini kwake. Kwa kazi hiyo inavishinda vitabu vingi vya kununua, kwa sababu hadithi zake nyingi hazimalizii na funzo lililoandikwa. Mtoto aliyezoea kuulizwa "hadithi hii inatufundisha nini?" hukimbilia mstari wa mwisho akaunakili, au hujibu lile jibu la siku zote: tuwe na bidii, tusiwe wachoyo, tuwatii wazazi. Hapa hana pa kunakili. Inabidi arudi ndani ya hadithi.

Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano. Ngazi ya kwanza huwa na neno moja au sentensi moja fupi kwa ukurasa. Inafaa kwa mtoto anayeanza kusoma, ila kwa kazi hii iache, maana hamna nafasi ya mhusika kukosea, kufikiri na kubadilika. Anza na ngazi ya tatu na ya nne, zenye aya. Kasoro kubwa ya maktaba nzima iko kwenye tafsiri. Aliyejisajili anaweza kutafsiri hadithi, kwa hiyo Kiswahili chake hakilingani: nyingine inasomeka vizuri, nyingine upatanisho wa ngeli umeteleza au sentensi inanuka Kiingereza. Tafuta zenye alama ya kuidhinishwa, na hata hizo zisome mwenyewe kabla ya kumsomea mtoto. Dakika tano zinatosha.

Kati ya zilizopo, nne zinafaa zaidi.

Ya kwanza ni ile ya Anansi na chungu cha hekima, ngano ya Ghana. Nyame, mungu wa juu mbinguni, anampa Anansi chungu chenye hekima yote ya dunia. Anansi anataka awe nacho peke yake, anakifunga tumboni kwa uzi ili akakifiche juu ya mti mrefu. Anapanda, na kila hatua chungu kinamgonga magoti. Chini ya mti amesimama mwanawe mdogo, anatazama. Anasema si ingekuwa rahisi zaidi ukikifunga mgongoni? Anansi anajaribu, anafika juu mara moja, na hapo ndipo hasira inampanda: mwenye hekima yote ni yeye, iweje mtoto amzidi? Anakitupa chungu, kinavunjika, na hekima inawafikia watu wote.

Watoto wengi, wakiulizwa mwenye hekima ni nani, husema Anansi, kwa kuwa chungu ni chake. Usiwasahihishe. Funika maneno, waonyeshe picha ya Anansi akipanda, kisha uliza: "Nani ameona kitu ambacho mwingine hakukiona?" Swali hili ndilo ufunguo wa kazi yote. Linamtoa mtoto kwenye sifa za mhusika, kama ukubwa, nguvu na cheo, na kumpeleka kwenye tendo. Akishasema "mtoto ameona chungu kinagonga magoti", mwambie aonyeshe kwa kidole mahali alipolisoma jambo hilo au kwenye picha. Jibu lisilo na mahali pa kuonyeshwa ni la kukariri.

Halafu leta methali, lakini zilete tatu kwa pamoja na mtoto achague. Kwa Anansi tumia "Akili ni nywele, kila mtu ana zake", "Mtaka yote hukosa yote" na "Hasira hasara". Zote tatu zina mahali pa kushika, na humo ndimo mtoto anapojifunza, kwa kuitetea aliyoichagua. Anayechagua "Hasira hasara" lazima aeleze nani alipata hasara, na akifika hapo anagundua kwamba hasara ya Anansi ilikuwa faida ya watu wote. Methali ikiletwa peke yake, mwishoni, na mtu mzima, inafunga mazungumzo.

Ya pili ni Simbegwire, na kwetu ndiyo bora kuliko zote. Mama yake amefariki, baba ameoa mke mwingine, Anita, ambaye ni mkali. Simbegwire anatoroka na blanketi la mama yake, anapanda mti mrefu karibu na kijito na kulala kwenye matawi. Shangazi yake anaangalia juu ya mti, anaona msichana na blanketi lenye rangi, anamtambua mtoto wa kaka yake. Anampeleka nyumbani kwake, anampa chakula cha moto, anamlaza na kumfunika blanketi lile lile.

Tua kwenye ukurasa huo, usifungue unaofuata. Uliza: "Shangazi angeweza kufanya nini kingine?" Watoto watasema angemrudisha kwa baba, angemchapa kwa kutoroka, angekwenda kumgombeza Anita. Yaandike yote. Kisha uliza kwa nini hakufanya hata moja. Mtoto wa miaka minane huweza kufika hapa bila kusukumwa: kwanza mtoto apumzike. Hilo ni funzo la maisha ambalo hakuna mstari wa hadithi unaolisema.

Hadithi hii pia ina watu wazima wanaorudi nyuma na kujirekebisha. Anita anakiri kwamba pengine alikuwa mkali mno. Baba anakuja, halazimishi, anakubali binti akae kwa shangazi kadiri atakavyo. Kwa hiyo busara haimo kwa mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chora mstari kwenye karatasi, weka nukta kwa kila ukurasa ambapo mtu amefanya jambo la busara, na jina lake juu ya nukta. Watoto hushtuka wakiona jina la Anita limeingia. Tahadhari moja: kama mtoto amefiwa au analelewa na mama wa kambo, msomee akiwa peke yake na wewe, si mbele ya darasa, na usimwulize kuhusu nyumbani kwao. Akitaka atasema.

Magozwe ni ya watoto wa mitaani Nairobi, nayo inafaa kwa kosa linalojirudia sana: watoto kudhani mwenye busara ni anayesema maneno mazito. Thomas, mtu mzima anayemsaidia Magozwe, hasemi mengi wala hampangii la kufanya, ila kila mara humsikiliza kwa makini. Hesabu na mtoto mara ambazo Thomas anatoa amri. Kisha hesabuni mara anazosikiliza au kutoa kitu, kikiwamo kitabu kipya siku Magozwe anapotimiza miaka kumi. Hesabu hiyo inafundisha zaidi ya maelezo yako yoyote.

Ya nne, ya Gingile na ndege anayeongoza watu kwenye asali, ni fupi kwa mazungumzo na ina funzo la wazi, kwa hiyo ipe siku moja tu. Ndege anaonyesha nyuki walipo, Gingile anachoma moshi, anapanda, anachukua masega yote na kumnyima ndege fungu lake, akidai kazi yote ameifanya yeye. Ndege anamsubiri, safari nyingine anampeleka kwa chui. Gawa ukurasa safu mbili, "alichofanya ndege" na "alichofanya Gingile", uone kama dai lake linasimama. Watoto hupenda kujua kwamba ndege huyu yupo kweli, na kwamba Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humfuata hadi leo kutafuta asali.

Hapo utakutana na tatizo la werevu na busara. Watoto waliokulia kwenye hadithi za Sungura na za Abunuwasi humpa ushindi aliyemzidi mwenzake akili. Ndege kalipiza, basi ndiye mwenye busara! Hadithi za Sungura hazina ubaya, ila mpe mtoto kipimo: "Alipomaliza, nani mwingine alinufaika?" Sungura akila karanga za watu, amenufaika yeye. Mtoto wa Anansi hakutaka chungu, alitaka baba afike juu. Kwa ndege na chui mtakuwa na ubishi halali, uacheni uendelee hadi mtoto agundue kwamba aliyebadilika ni Gingile, aliyekwenda kuwasimulia watoto wake, nao wakawa wanamwachia ndege fungu kubwa.

Kuhusu muda: hadithi moja kwa wiki, vipindi viwili vya dakika ishirini. Cha kwanza soma mwanzo hadi mwisho bila kuuliza chochote, maana maswali katikati ya usomaji wa kwanza huua utamu. Cha pili rudi kwenye ukurasa mmoja tu. Mambo mawili huharibu kazi hii: kutaja funzo kabla ya mtoto, na kuitumia hadithi kama fimbo. Ukisema "umeona, nawe usiwe kama Gingile" baada ya mtoto kumnyima mdogo wake pipi, wiki ijayo atasikiliza kwa kujihami.

Darasani usiulize darasa zima, maana wawili wale wale watajibu. Wape wawili wawili dakika tatu kwanza. Simu moja haitoshi watoto arobaini, chapisha. Hadithi hupakuliwa kama PDF, na ukiweka kurasa mbili kwa karatasi, kwa rangi nyeusi na nyeupe, picha nyingi bado zinaonekana vizuri. Leseni yake huria inaruhusu kunakili bila kuomba ruhusa, mradi ukurasa wenye majina ya mwandishi na mchoraji ubaki.

Wazazi walioko Kanada wana njia nyepesi zaidi: Storybooks Canada, ya Chuo Kikuu cha British Columbia, imechukua hadithi 40 kutoka maktaba hii, zikiwamo zote nne hizi, na kuziweka pamoja na sauti. Mtoto anayesoma Kiingereza shuleni anaweza kubadilisha ukurasa huo huo kuwa Kiswahili na kumsikiliza msomaji, kisha mkajadili kwa lugha ya nyumbani.