Mary wa Kwanza au Elizabeth wa Kwanza: yupi kati ya malkia hawa wawili wa Uingereza alitawala vyema zaidi?

Katika hazina, Elizabeth alivuna alichopanda dada yake, kwa kuwa viwango vipya vya ushuru wa forodha vilivyoongeza mapato ya ufalme vilitolewa mwaka 1558, Mary akiwa bado hai. Vitani, Mary alipoteza Calais, mji wa Ufaransa uliokuwa chini ya Uingereza, ilhali Elizabeth aliishinda Armada, yaani kundi la meli za kivita la Hispania, mwaka 1588, ingawa dhoruba nazo zilimsaidia sana. Kuhusu dini, karibu Waprotestanti 300 walichomwa moto chini ya Mary. Elizabeth naye aliwanyonga mapadri Wakatoliki. Hakuna aliyeacha mtoto.

Anayethamini uthabiti wa miaka 44 atamchagua Elizabeth. Anayetafuta aliyeonyesha kwanza kwamba mwanamke aweza kuvikwa taji la Uingereza na kutawala kwa haki yake mwenyewe, atamrudia Mary, aliyewashinda wafuasi wa Jane Grey, aliyetangazwa malkia badala yake, mwaka 1553.