Kadi za maana ya majina huko Chikongola: chapa safi, maana za kubuni

Jumamosi iliyopita niliingia duka moja la steshenari Chikongola, Mtwara mjini, nikaagiza kadi tatu za maana ya jina: ya baba, ya kaka na yangu. Kadi na fremu yake ni shilingi 8,000. Kazi yenyewe sina la kulaumu. Rangi imekolea, plastiki imekaa bila povu wala mkunjo, na zote nilikabidhiwa kabla ya adhuhuri kama nilivyoahidiwa.

Shida ni maneno yaliyoandikwa.

Baba yangu anaitwa Wilson. Kadi yake ilisema: "Mwenye hekima, mpole, kipenzi cha watu." Mpole ni kweli, lakini hiyo ni tabia yake, si maana ya jina lake. Wilson ni mwana wa Will. Sisi tungesema bin Will. Na Will ni kifupi cha William, jina la Kijerumani cha kale lenye vipande viwili: wil, yaani nia, na helm, kofia ya chuma ya vitani. Lilienea Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakiongozwa na William, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066.

Kilichoniuma ni hiki: babu aliitwa William. Alibatizwa kwa Waanglikana Masasi, kwenye misheni iliyoanza mwaka 1876, na jina hilo huku kwetu limezoeleka. Hata hayati Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, ni Benjamin William. Basi babu alipomwita mwanawe Wilson, alimpa jina linalotamka wazi kuwa huyu ni wangu. Maana nzito kiasi hicho unaiachaje, ukaandika "kipenzi cha watu"?

Ya kaka, Edward, iliandikwa "tajiri". Imefika nusu tu. Katika Kiingereza cha kale ead ni mali au ustawi, na weard ni mlinzi: mlinzi wa mali. Kaka ni mtunza ghala wa chama cha msingi cha ushirika, na msimu wa korosho ukianza funguo hazimtoki kiunoni hata usiku. Hilo neno "mlinzi" ndilo lingemgusa. Yangu, Grace, waliandika "neema", na ndivyo ilivyo.

Ukutani wametundika sampuli: Taylor "mrembo", Smith "shujaa". Taylor ni mshona nguo, neno lililotoka Kifaransa. Smith ni mhunzi. Mtu kuitwa kwa kazi ya mikono ya wazee wake ni heshima tosha, haihitaji kupakwa sukari.

Jumatatu nilirudi baada ya vipindi (nafundisha Kiingereza sekondari).

"Shikamoo mwalimu. Kadi zina tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Hizi maana mmezitoa wapi?"

Kijana akanieleza kwamba walinunua faili lililokwisha kuandikwa, wao kazi yao ni kuchapa. Hakubisha. Alinivutia kiti, nikamsomea herufi kwa herufi, akachapa upya kadi mbili bila kunitoza hata senti. Kwa huduma hiyo nitarudi, na ninyi nendeni, ila maana iandikeni wenyewe nyumbani mkampe karatasi.

Baba ana miaka 79, husoma kwa kusogea dirishani. Alisoma "mwana wa William" mara mbili, akanyamaza, kisha akaomba msumari. Kadi ameitundika chini ya picha ya babu.