Kikaango cha chuma cha kusubu kwa samaki na sambal matah: uzoefu wangu

Kikaango chenyewe ni cha chuma cha kusubu, upana sentimita 26, uzito zaidi ya kilo mbili. Nakitumia sana kwa samaki wa kukaanga anayeliwa na sambal matah, kachumbari kali ya kisiwa cha Bali, Indonesia, na kwa kazi hiyo sijaona cha kukishinda. Sambal hii ni mbichi, haina mchuzi wa kumfichia samaki aibu. Ngozi isipokauka vizuri, chakula chote kinapooza.

Faida yake kubwa ni joto lisiloyumba. Kikaango chepesi hupoa samaki anapotua tu, hiki hakishtuki. Kipashe kwa moto wa wastani dakika tano au sita. Ukianza na moto mkali, katikati kutaunguza na pembeni kutabaki vuguvugu. Tone la maji likiviringika juu ya chuma, tia vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kawaida ya kupikia. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani yaweke kando kwa ajili ya sambal, maana hutoa moshi mapema.

Natumia samaki aina ya changu, vipande vyenye ngozi vya gramu 150 hadi 180, unene wa sentimita mbili hivi. Vitie chumvi, viache dakika 15, kisha vifute maji yote kwa kitambaa kikavu. Wanaolalamika kwamba chuma kinagandisha samaki, wengi wao wameruka hapa, au wameweka samaki kabla chuma hakijapata moto. Laza ngozi chini, kandamiza sekunde 15 kwa kijiko cha kugeuzia chapati ili isijikunje, kisha usiguse kwa dakika nne. Ikiiva huachia yenyewe. Ikishikilia, ongeza nusu dakika, usiikwangue. Geuza, hesabu dakika moja na nusu, epua. Kaanga vipande viwili kwa mkupuo mmoja. Ukijaza vinne, mvuke utalainisha ngozi.

Sambal iwe tayari kabla samaki hajaingia motoni. Kwa watu wawili nakata vitunguu vidogo vyekundu 8, vyembamba kabisa, pilipili kichaa 5 na mashina 2 ya mchaichai. Mchaichai ndio unaowasumbua wengi: majani tunayotia kwenye chai hayafai hapa. Menya maganda ya nje mpaka ufike kwenye sehemu nyeupe laini, chukua sentimita sita za chini tu, ukate vipande vyembamba kama karatasi. Vikiwa vinene utatafuna nyuzi. Ongeza majani 2 ya ndimu yaliyotolewa mshipa wa kati na kukatwa nyembamba mno, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na robo kijiko cha terasi, ile kamba wadogo waliovundikwa na kusagwa, iliyochomwa kwanza kidogo. Wabali huongeza na ua la bongkot, mmea wa jamii ya tangawizi, likipatikana.

Vifikiche kwa mkono mpaka vitunguu vilegee. Usitumie mashine ya kusagia; utapata uji mchungu wenye maji. Kisha pasha vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya nazi, kipande cha kitunguu kikichemka taratibu ndani yake, mimina. Wapo wanaoyatia bila kuyapasha. Mimi napendelea yenye moto, kwa sababu huvunja ukali wa kitunguu na kuamsha mchaichai. Ndimu, kijiko kimoja cha mezani, ikamuliwe mwisho. Sambal iliwe siku hiyohiyo. Kesho yake vitunguu vimeshatoa maji. Ukiiweka kwenye friji, mafuta huganda, kwani chini ya nyuzijoto 24 hivi nazi haibaki kimiminika.

Kasoro za kikaango zipo. Ndimu hula ile ngozi nyeusi ya mafuta inayozuia kugandisha, kwa hiyo sambal imwagie samaki akiwa sahanini, kamwe si ndani ya kikaango. Harufu ya samaki hubaki: sugua kwa chumvi ya mawe na mafuta kidogo kikiwa bado na moto, suuza, kaushia jikoni, paka mafuta membamba. Usikiloweke. Mpini nao hushika moto kama sehemu nyingine, na kitambaa cha kuushikia kiwe kikavu, maana kilicholowa hupitisha joto papo hapo. Kwenye jiko la kioo kiinue, usikiburute.