Uzoefu wangu: kabati la kuzuia kelele za kompresa, sponji ziliniangusha mlango ndo ukaniokoa

Nina karakana ndogo ya mbao hapa nyumbani na imepakana na chumba wanacholala watoto, kompresa yangu (mashine ya kubana hewa kwenye tenki) ni ile isiyotumia oili, ikiwaka tu nyumba nzima inajua. Nilipima kwa programu ya simu nikiwa mita 1 ikasoma desibeli 88. Simu sio kipimo cha kuaminika sana ila kwa kulinganisha kabla na baada inatosha. Nikaamua kuijengea kabati, humo humo na mashine ya kunyonya vumbi.

Nianze na nilichokosea. Nilinunua zile sponji za vipembe vipembe zinazobandikwa studio, nikatengeneza boksi la plaiwudi nyembamba nikabandika ndani kote, gundi ikanimalizia jioni nzima, kuwasha... kelele ile ile, labda imekuwa nene kidogo tu. Baadae ndo naelewa sponji inakata mwangwi wa ndani, haizuii sauti isitoke. Kuzuia ni kazi ya uzito. Na wanaobandika trei za mayai ndo kabisa, yale mapambo tu.

Raundi ya pili nikabomoa. Fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa nyumba, nimeacha upenyo wa vidole viwili maana mtikisiko unasafiri kwenye mbao zilizoshikana, nje jipsamu tabaka mbili viungo vimepishana, katikati pamba ya mawe (nyuzi za mwamba zinazofyonza sauti) imekaa tu bila kushindiliwa, kila kona silikoni. Kompresa nikaikalisha juu ya mpira mnene na bomba la hewa likaanza na kipande cha hozi laini ili isitikise kabati zima.

Sasa mlango. Hapa ndo pana kila kitu aisee, kuta zinaweza kuwa nzito vipi ila kaupenyo kamoja chini ya mlango kanaharibu kazi yote. Usiku niliweka tochi ndani nikazima taa za nje, nikaona mwanga unatoka chini kama unene wa penseli. Panapopita mwanga ujue hewa inapita, na sauti inapita na hewa. Nikaweka kizingiti na mpira pande zote nne, simu ikashuka kutoka 76 hadi 65 bila kugusa kitu kingine, na ikishuka desibeli 10 hivi sikio linaona kama kelele imekatwa nusu.

Nikafurahi siku moja tu. Kesho yake kompresa ikazima yenyewe katikati ya kazi, kufungua kabati joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Bahati ina ile swichi ya ndani inayokata mota ikipata moto sana. Kumbe nimejenga jiko! Kompresa inavuta hewa na inahitaji kupoa, na mashine ya vumbi nayo inavuta hewa ya karakana na kuipuliza humo kabatini, lazima itokee mahali. Nikatoa njia mbili, ya kuingiza chini na ya kutoa juu, kila moja ni boksi refu lenye kona kona ndani ili sauti igonge mara kadhaa kabla ya kufika nje, na unajua nilibandika nini humo ndani? Zile sponji. Humo sasa ndo zinafanya kazi. Feni ndogo isiyo na kelele juu, basi. Nimelipia desibeli 1 tu, sasa inasoma 66.

Swichi zote ziwe nje, na kibomba cha kumwagia maji yanayojikusanya ndani ya tenki la hewa nacho kitoe nje, ukishakifungia ndani utasahau na tenki litaoza kutu kimya kimya. Vumbi la ndani nalifuta kila wiki, vumbi la mbao na mota ya moto sio marafiki.

Kama kompresa unaiwasha dakika kumi kwa wiki usijisumbue na haya yote, tafuta tu ya kimya. Mimi naitumia kila siku kwa hiyo imenilipa, ingawa randa na msumeno bado viko nje ya kabati na viziba masikio navaa kama kawaida. Ambacho sijakiweza ni ule mngurumo wa chini, ukiweka kiganja ukutani kwa watoto unausikia kabisa. Upande huo naongeza jipsamu ya tatu.