Mita ya kuchomeka: nani anakula umeme wa LUKU usiku?

Oneni hiyo namba. Hiki king'amuzi nimekizima kwa rimoti mbele yenu, taa imegeuka nyekundu, na mita inasoma wati 10.4. Kilipokuwa kinawaka ilisoma 11.6. Yaani nilichozima ni picha tu! Mle ndani mitambo inaendelea kuzungumza na dishi kana kwamba kuna mtu anatazama.

Karibuni wadau. Leo niko sebuleni kwa mama, Chuno, Mtwara mjini, na bidhaa yenyewe ni hii mita ya kuchomeka. Unaichomeka kwenye soketi, kifaa unachokishuku unakichomeka juu yake, nayo inakuonyesha wati za muda huo na yuniti zilizokwenda tangu uanze kupima (yuniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja). Nilitoa elfu 25, na leo ina wiki mbili mkononi mwangu.

Tuzunguke nyumba. Tivii ikizimwa kwa rimoti, 0.6. Ni tivii mpya. Kule Ulaya sheria inataka isizidi nusu wati, ikiwa haina cha kuonyesha kama saa, nadhani na sisi tunafaidika humo humo. Maikrowevu, 2.3, kwa ajili ya kuonyesha saa ambayo hata haiko sawa. Sabufa ya mdogo wangu, kimya kabisa, 6.

Sasa tupige hesabu. King'amuzi na sabufa ni wati 16.4. Vikikaa hivyo saa 20 kwa siku, mwezi unakuta yuniti 9.8. Kwa mimi niliye kwenye bei ya kawaida, ya kama shilingi 356 kwa yuniti, kodi zikiwa humo humo, hiyo ni karibu 3,500. Mama yuko kwenye yuniti za shilingi 122, bei ya watumiaji wadogo, kwake ni kama 1,200, utasema si kitu. Lakini bei ile ina mwisho, yuniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, za juu yake zinauzwa zaidi ya mara mbili. Yuniti 10 za kumlisha king'amuzi aliyelala ndizo zinazokuvusha. Na gesi ya kuzalishia umeme inachimbwa hapo Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, jamani!

Mita yenyewe nayo ina yake. Chini ya wati moja usiiamini sana, inarukaruka. Vitufe vidogo kama mbegu za ufuta. Kioo hakina taa, kwa hiyo soketi ya nyuma ya kabati unasoma kwa tochi ya simu, umelala kifudifudi. Pasi na jagi la umeme msiipitishie kwa muda mrefu, yangu ilipata moto. Na friji ipimeni siku nzima, maana inawaka na kuzima. Namba ya dakika tano itawadanganya.

Je, ununue? Peke yako, hapana. Ukishaijua nyumba yako inabaki kwenye droo. Changeni watu watano mtaani, izunguke. Hiyo pesa nyingine kanunue ekstensheni yenye swichi, king'amuzi na sabufa vikae humo, mkienda kulala mnabonyeza mara moja.

Nimalizie na chaja ya simu, maana mama miaka yote anatugombeza kwa kuiacha ukutani. Haya mama, njoo uone, haina simu: sifuri.

Ameangalia, akaichomoa chaja, akasema, "Mita yako mbovu, baba."