RAV4 yangu ilivyoanza kunywa mafuta: uzoefu wangu na fundi wa kompyuta za magari pale Ndeeba, Kampala

Nina RAV4 ya 2007, injini ya lita 2.4, otomatiki. Natembezea wageni. Kwa sisi tulio kwenye biashara hii Uganda, RAV4 ndiyo punda wetu. Mgeni asiyeimudu Land Cruiser huichukua, anafunga hema juu, anakwenda Murchison au Ziwa Mburo, na gari linarudi na vumbi hadi ndani ya redio.

Mwaka jana nililipeleka gereji moja, jina nalihifadhi, likavishwe nguo za kazi. Wakafunga springi ndefu zilizoliinua sentimita 5, matairi ya njia mbovu saizi 235/70R17 badala ya 225/65R17 ya mwanzo, na keria ya chuma ya kubebea hema. Nilipokwenda kulichukua nikakuta na ekzosti nyingine. Hiyo sikuiagiza. Wakaniambia katalitiki, kile kifaa cha ekzosti kinachosafisha moshi, ilikuwa "inabana pumzi", wameikata na kuchomelea bomba tupu, na kwamba nitasikia tofauti. Kweli nilisikia. Majirani nao walisikia.

Safari yangu ya kawaida ni Kampala hadi Mbarara na kurudi, kilomita 540. Kabla ya marekebisho ilikuwa inakula lita 52. Safari ya kwanza baada ya hapo ikala lita 68. Kwa bei ya karibu shilingi 5,000 kwa lita, hizo ni shilingi 80,000 zimepotea kwa safari moja, na mgeni nilishamtajia bei.

Ushauri ukaanza kumiminika. Badilisha plagi. Osha nozeli. Mafuta ya kituo fulani yamechanganywa na mafuta ya taa. Ndugu yangu mmoja akasema niuze tu. Nikabadilisha plagi na kichujio cha hewa, nikaenda Mbarara tena, lita 68 zilezile. Gereji iliyonifungia vitu ilikuwa na jibu moja tu: "Mzee, gari likipanda juu lazima lile." Sikuwakatalia, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Lakini lita 16?

Kwanza nikanunua kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Shilingi 45,000 mjini. Tathmini yangu: kinafaa kwa bei yake, lakini ni nakala ya nakala. Kinakata mawasiliano kila baada ya muda, programu yake ya bure imejaa matangazo, na ukikisahau kimechomekwa siku tatu betri inalala. Hata hivyo ndicho kilichonifumbua macho. Barabara ya Masaka, pale Lwera inaponyooka katikati ya vinamasi, nikiwa kwenye 80, joto la maji ya injini lilisoma nyuzi 66 tu, baridi kwa injini iliyokwishapata moto. Nilipoingia foleni ya Busega likapanda hadi 83. Nikadhani kidude kinadanganya.

Dereva mwenzangu akanielekeza kwa kijana mmoja Ndeeba, Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, ambaye hafungui bolti kabla ya kupima. Kupima tu ni shilingi 80,000. Niliguna. Kisha nikakumbuka kwamba ndiyo pesa ileile ninayoimwaga kila safari.

Jambo la kwanza hakugusa injini. Alichukua karatasi, akaandika saizi mbili za matairi, akapiga hesabu kwa simu: kipenyo cha zamani milimita 724, kipya 761. Tairi likizunguka mara moja sasa linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 5, lakini dashibodi haijui, inahesabu mizunguko tu. Akaniuliza, "Mbarara kwenda na kurudi sasa inakuandikia kilomita ngapi?" Nikafungua daftari: 514. Niliiandika mwenyewe na sikushtuka! Kwa hiyo nilipogawa 514 kwa 68 nikapata kilomita 7.6 kwa lita, nilikuwa najiongezea majonzi. Ukweli ni 540 kwa 68, yaani 7.9. Bado ni mbaya ukilinganisha na 10.4 ya zamani, lakini ugonjwa unapimwa na kipimo sahihi kwanza.

Halafu akachomeka skana yake, si kidude kama changu. Joto likasoma vilevile, chini. Akacheka. "Mzee, hili gari linadhani ni asubuhi siku nzima." Akafungua kifuniko pale bomba la rejeta linapoingia kwenye injini, akanionyesha nafasi tupu: themostati haipo. Themostati ya gari hili hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, eti nchi hii ina joto. Matokeo yake barabarani upepo unaipoza injini kupita kiasi, kompyuta inaona injini baridi na kuongeza mafuta, kama ifanyavyo ukiwasha gari alfajiri. Ile gereji iliitoa lini? Sikuambiwa, na kwenye risiti haipo.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ya tatu. Kwenye skana kuna namba inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi kuliko ilivyopangiwa. Alisema ikicheza kati ya kutoa 5 na kujumlisha 5 hana wasiwasi. Yangu ilikuwa imekaa kwenye +18, na taa ya injini haikuwaka hata siku moja. Maana yake kompyuta inaamini injini inapata hewa nyingi mno, kwa hiyo inamimina petroli kufidia. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa ekzosti kikatoka cheusi kama mkaa. "Inaamini hivyo, lakini inadanganywa."

Akachukua blowa, akaifunga kwenye mdomo wa ekzosti kwa kitambaa kilicholowa, akaiwasha ipulize hewa ndani, injini ikiwa imezimwa. Kisha akaingia chini na sifongo ya maji ya sabuni, akawa anapaka viungo kimoja kimoja. Kimya. Kimya. Alipofika pale kitako cha sensa ya oksijeni kilipochomelewa upya, yakaanza kutoka mapovu madogo mfululizo, kama uji unaoanza kuchemka. Aliniita nilale chini nijionee. Kitobo ambacho hata sindano ingepita kwa shida. Injini ikifanya kazi, moshi unakwenda kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje inanyonywa ndani papo hapo mbele ya sensa. Sensa inanusa oksijeni, inaripoti kwamba mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza. Inaongeza, inaongeza.

Akachomelea upya, akaweka themostati mpya, akanipeleka kwenye mashine ya alaimenti kwa jirani yake kwa sababu gari likiinuliwa pembe za magurudumu zinahama. Matairi yangu mapya ya mbele yalikuwa tayari yameanza kulika upande wa ndani.

Malalamiko ninayo. Aliniambia saa mbili asubuhi, akafika saa tano na chapati mkononi. Hatoi ripoti ya maandishi. Nilipiga picha kioo cha skana mwenyewe. Na kulipima gari tena baada ya matengenezo anakutoza nusu ya bei, jambo ambalo naona lingekuwa la bure. Kazi yenyewe nampa nyota tano, muda nampa mbili.

Nilijaza kituo kilekile, pampu ileile, nikasimama ilipokata mara ya kwanza, nikaenda Mbarara. Lukaya nikanunua gonja na nyama ya kijiti kama kawaida, kwa hiyo mzigo haukupungua. Lita 57 na nusu. Safari iliyofuata nikashusha keria na hema: 55. Lita 3 zilizobaki juu ya zile 52 za mwanzo nazihesabu kuwa za matairi mazito na ule mwinuko, na hizo nazilipa kwa hiari, kwani njia za Mburo mvua ikinyesha hazisamehi matairi ya mjini.

Keria sasa naifunga mgeni wa hema akija tu, kazi ya dakika 20. Siku nyingine mama watoto anaanikia magodoro.

Bado nadai katalitiki yangu. Niliirudia ile gereji nikaulizia kile kipande walichokikata, kile chenye platinamu na paladiamu ndani, wakaniambia walikitupa. Hapa Kampala, ambako hata chupa tupu ya maji ina mnunuzi wake, walikitupa.