Amri au usikivu: uongozi wa mwaloni

Sifa zinazoitwa za kiume, yaani uamuzi wa haraka na amri, humfaa nahodha akiwa majini, kwa sababu dhoruba ya Ziwa Victoria haisubiri kikao. Zile zinazoitwa za kike, yaani kusikiliza na kupatanisha, huhitajika zaidi mtumbwi ukishafika mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huko Kirumba, jijini Mwanza, pale gharama za mafuta zinapokatwa, mapato yakagawanywa, na mvuvi mmoja akanung'unika kwamba fungu lake limepunjwa. Hapo amri huzaa kinyongo, ilhali hesabu ikisomwa mbele ya wote, ugomvi huisha. Kwa maoni yangu usikivu ndio mgumu zaidi, ingawa wengi huudhania udhaifu. Mwanamke anayemiliki mtumbwi na kuajiri wavuvi huvihitaji vyote viwili kabla ya dagaa kuanikwa.